Nipigeje picha kupitia dirisha la treni? Zangu zote zinatoka kioo tu

dirishani77

Wakuu habari zenu, natumaini wote hamjambo. Nina swali limenikaa kichwani miezi kadhaa nikaona nililete hapa, maana najua kuna watu wa kamera na kuna watu wanaoishi safarini.

Kazi yangu inanipandisha treni mara mbili kwa mwezi, safari ya mchana, inachukua muda wa saa sita kwenda na siku ya pili muda huo huo kurudi, na njia yenyewe jamani ni nzuri, kuna mto unafuatana na reli muda mrefu halafu ghafla unapita chini ya daraja unatokea upande wa pili, kuna vilima kwa mbali vinabadilika rangi kadri jua linavyoshuka. Mama yangu miguu haimruhusu tena kusafiri na enzi zake hakuna kitu alikipenda kama treni, tulipokuwa wadogo alikuwa hataki tulale njiani, anasema tuangalie nje, kulala tutalala tukifika. Basi nikamuahidi nitampigia njia nzima kuanzia tunapoondoka mpaka tunapofika ili aione kwenye simu yake akiwa amekaa pale pale nyumbani.

Sasa nimeshapiga picha zaidi ya 400 na za kumtumia hazifiki 10. Nyingi zina uso wangu na shati langu vimelala juu ya vilima, na juu kabisa kuna mstari wa taa za behewa. Nyingine simu imeshika tone la maji lililokaukia kwenye kioo, tone linaonekana safi mpaka kingo zake, nyuma yake mto wote ni ukungu. Majani ya karibu yamekuwa mistari ya kijani, nguzo zimeinama kama zinasukumwa na upepo wakati mimi niliziona kwa macho yangu zimesimama wima. Na rangi zote zina ukijani fulani hivi.

Natumia simu ya kawaida, pia kuna kamera ya kubadilisha lenzi aliyoniachia kaka yangu ambayo siijui vizuri. Naombeni msaada, nianze na kipi? Ninunue vitu au ni mimi sijui kutumia nilivyonavyo? Asanteni sana.

fundi_lenzi

Mkuu usinunue kitu kwanza. Shida zako zipo kama nne na umezirundika pamoja ndo maana unaona kila kitu kimeharibika, tuzitenganishe. Mimi nitasema ya kioo, ya mwendo wapo wenzangu humu watakuja.

Kioo cha kawaida kila uso wake unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaoupiga, sasa madirisha mengi ya treni yana vioo viwili na nafasi ya hewa katikati, kwahiyo una nyuso nne zinazorudisha mwanga, ndo maana ukiangalia vizuri hizo picha zako utaona uso wako umetokea mara mbili, mmoja umesogea kidogo pembeni ya mwingine. Huo mwanga unaorudi ni mdogo, ila tatizo ni unaangukia wapi. Fungua picha moja sasa hivi uikague: pale penye mbingu hujioni kabisa, pale penye miti yenye kivuli ndo shati lako linaonekana mpaka vifungo. Mbingu ina mwanga mwingi inakumeza, kivuli hakina cha kukumezea. Sasa huwezi kuzima vivuli vya nje, ila unaweza kuzima mwanga wa ndani unaokufikia wewe na simu yako.

Kwahiyo sogeza simu mpaka lenzi iwe karibu kabisa na kioo, yaani upana wa kidole au chini ya hapo. Ikikaa hapo haioni behewa tena, inaona kile kiduara kidogo tu mbele yake, na hicho unakizungushia kiganja au kitambaa cheusi. Mi natembea na skafu nyeusi ya pamba, naining'iniza kichwani kama watu wa zamani wa kamera za mbao, abiria wananiangalia dakika tano za kwanza halafu wanasahau. Vaa nguo nyeusi isiyong'aa siku ya safari. Flashi zima kabisa, na ile taa ndogo nyekundu au ya kijani ambayo kamera inaiwasha ikitafuta fokasi nayo zima.

Kitu kimoja watu wanakosea, wanakandamiza simu kwenye kioo wakidhani inatulia. Kioo kinatetemeka pamoja na behewa, ukikandamiza unaupokea mtetemo wote. Acha nafasi ya karatasi kadhaa hivi, viwiko visiguse kingo za dirisha, vibane mbavuni kwako, mwili wako ndo springi. Kwa kamera ya kaka yako ipo hudi ya mpira, kama kikombe laini kilicho wazi, ya kuvalisha mbele ya lenzi, hiyo unaweza kuigusisha kwenye kioo kwa sababu mpira unameza mtetemo na unaziba mwanga kwa pamoja. Hiyo ikikujia mkononi siku moja ni kitu kizuri, lakini skafu inatosha kuanzia.

Na kabla ya yote futa kioo kwa ndani. Alama za vidole na mafuta ya vichwa vya watu waliolala wameegemea hapo, hiyo ndo inayofanya picha iwe kama imepitishwa kwenye maziwa. Nje huwezi kufuta, kwahiyo tembeza macho kwenye kioo utafute sehemu safi yenye ukubwa wa kiganja, ukiipata hiyo ndo dirisha lako kwa safari nzima.

bi_shata

Naongezea ya mwendo, na hapa naomba uvumilie hesabu kidogo maana ukiielewa hutahangaika tena.

Treni ikienda kilomita 100 kwa saa ni kama mita 28 kila sekunde. Shata (kile kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga) ikifunguka sehemu ya 1/60 ya sekunde, treni imeshasogea karibu sentimita 46 kabla picha haijafungwa. Ikifunguka 1/1000 imesogea kama sentimita 3. Lakini kinachoamua picha itatikisika au la ni umbali wa kitu unachokipiga, zaidi ya huo mwendo wenyewe. Jaribu kwa macho tu: kokoto za pembeni ya reli huwezi kuziona moja moja, nyumba iliyo mbali inapita taratibu, kilima kilichoko kilomita kadhaa kinakaa na wewe robo saa. Simu nyingi za sasa kwenye lenzi yake ya kawaida, kwa 1/1000 na mwendo huo, kitu kilichoko mita 100 kinatoka safi, kilichoko mita 10 kinavutika kidogo. Jioni simu ikishusha yenyewe mpaka 1/100 hata hicho cha mita 100 kinaanza kuvutika na kilima bado kiko salama.

Kwahiyo kabla hujabonyeza jiulize napiga kitu kilichoko wapi. Kama ni vilima, piga muda wowote wenye mwanga. Kama ni watu walio kando ya reli, subiri treni ipunguze mwendo, na treni hupunguza mwendo ikikaribia stesheni, kwenye kona kali na kwenye baadhi ya madaraja, wewe unayeipita njia hiyo mara nne kwa mwezi utazijua sehemu zote kwa kichwa, ziandike.

Kwenye simu ingia modi ya pro, ile unayopanga mwenyewe (simu nyingi zinayo, kama haina zipo apu za kamera zinazokupa), weka shata 1/1000 au zaidi, ISO (kiasi ambacho simu inakuza mwanga) iache ijipange yenyewe. Picha itakuwa na chembechembe kidogo kukiwa na mawingu, kubali, chembechembe mama hataziona kwenye simu lakini mtikisiko ataona. HDR na modi ya usiku zima, zile zinapiga picha kadhaa na kuziunganisha, sasa wewe unasogea kati ya picha na picha, ndo unapata mti wenye matawi mawili mawili. Kitulizi cha mtikisiko kwenye lenzi nacho hakikusaidii hapo, kile kinatuliza mkono wako, hakijui kwamba dunia yote nje inakimbia.

Lile tone la maji dawa yake ni kufunga fokasi. Ukiwa bado stesheni, gusa kitu cha mbali kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka iandike kwamba imefungwa, halafu usiguse tena. Kwenye kamera weka fokasi ya mkono, piga ya majaribio kwenye kitu kilichoko mbali sana, vuta picha kwenye skrini uhakikishe, halafu bandika kipande cha selotepu kwenye ringi isizunguke. Kwa vile lenzi iko karibu sana na kioo, uchafu wa kioo utayeyuka kabisa usionekane.

Ukijani ni rangi ya kioo chenyewe, kimetiwa rangi kupunguza jua. Piga picha moja ya kitu cheupe kilichoko nje, ukuta au wingu, na uitumie kusahihisha rangi baadaye, marekebisho hayo hayo utayanakili kwenye picha zote za safari hiyo.

pixel_mwitu

Za nguzo kuinama hujakosea popote, ni sensa, kile kipande ndani ya simu kinachopokea mwanga. Sensa ya simu haichukui picha yote kwa mpigo, inasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na mpaka ifike chini nguzo ya karibu imeshasogea, kwahiyo juu yake imeandikwa mahali pamoja na chini yake mahali pengine. Angalia picha zako kama ulishika simu kwa kulala, vichwa vya nguzo vimeinamia kule treni inakoelekea, sivyo? Ukiigeuza simu juu chini zitainamia upande wa pili. Ukiishika kwa kusimama haziinami, zinakuwa nene au nyembamba kuliko kawaida. Kuongeza spidi ya shata hakuondoi hii, inafanya tu nguzo iliyoinama iwe safi. Dawa ni umbali tena, kama alivyosema dada hapo juu, nguzo ya mbali haiinami kwa kiasi cha kuonekana.

Mimi ningekwambia pia rekodi video ya 4K halafu uchomoe picha, kila fremu ni kama megapikseli 8, inatosha kabisa kwa simu ya mama.

bi_shata

@pixel_mwitu video sawa ila aangalie, simu ikiachwa kwenye oto (ijipange yenyewe) kwenye video, mwanga ukipungua inashusha spidi ya shata, ukichomoa fremu moja unakuta imetikisika. Kama ni video basi nayo aiwekee shata ya juu. Kwenye daraja la vyuma ndo video au picha mfululizo zinasaidia kweli, vile vyuma vinapita haraka kuliko kidole, ukipiga 20 mfululizo utapata mbili tatu ambazo ziliangukia katikati ya chuma na chuma na mto wote uko wazi.

mzee_wa_njia

Wanangu mmefundisha vizuri sana. Mimi nilifanya kazi ndani ya mabehewa miaka mingi, kamera nilianza uzeeni, kwahiyo nitasema yale ninayoyajua, ya kukaa.

Upande wa kukaa ni nusu ya picha. Kaa upande usiopigwa na jua. Jua likiwa mgongoni kwako linaangaza kile unachokipiga, mbingu inatoka bluu na kilima kinaonekana mpaka mikunjo yake. Ukikaa upande wa jua linapiga kioo chako moja kwa moja na kila vumbi linawaka. Kama reli yenu inakwenda kaskazini na unasafiri asubuhi, jua liko mashariki, yaani mkono wako wa kulia, basi kaa kushoto. Angalia ramani siku moja kabla, reli nayo inageuka geuka.

Kaa kiti kinachoangalia mbele. Anayeangalia nyuma anaona vitu vikiwa vimeshaondoka, anayeangalia mbele anauona mwanya kati ya miti kabla haujafika, anajiandaa. Macho yaende mbele, simu iwe tayari kiooni.

Ukitaka treni yenyewe ionekane ikipinda, kaa mabehewa ya nyuma, upande wa ndani wa kona. Kona ikikunja kushoto, dirisha la kushoto ndilo litakuonyesha injini. Kule Uswisi kuna daraja la Landwasser lililomalizika 1902, urefu wa juu mita 65, limejikunja na treni inatoka juu yake inaingia moja kwa moja kwenye shimo la mlima. Zile picha za treni nyekundu zinazopigwa kutoka ndani ya treni yenyewe huwezi kuzipata ukiwa behewa la kwanza.

Na la mwisho nalisema kwa uzito. Mabehewa mengine madirisha yanafunguka, na hapo ndipo picha huwa safi kuliko zote kwa sababu hakuna kioo. Piga ukiwa ndani. Usitoe mkono, usitoe simu, usitoe kichwa. Nguzo za ishara ziko karibu kuliko unavyodhani, na treni nyingine ikija mkiwa mnakwenda 100 kila mmoja mnakutana kwa zaidi ya mita 55 kwa sekunde, hakuna mtu anayewahi kurudisha mkono. Nimeshuhudia jambo ambalo sitalieleza hapa. Kamba ya simu ivalishe mkononi, na mkono ubaki ndani.

Pia uliza sheria za mahali unaposafiri, ziko nchi ambazo madaraja ya reli na stesheni hayapigwi picha bila kibali.

dirishani77

Shikamoo mzee, asante sana, na nyote asanteni, sikutegemea kupata haya yote. Nitaanza safari wiki ijayo nitarudi hapa. Swali dogo, kuna mtu aliniambia ninunue filta ya polaraiza, kioo cha kuvalisha mbele ya lenzi, eti inaondoa taswira zote kwenye kioo, ni kweli?

mzee_wa_njia

Marahaba mwanangu. Hayo ya filta waachie vijana.

fundi_lenzi

Ni kweli nusu mkuu. Polaraiza inakata mwanga uliorudishwa na kioo kwa mshazari, na inafanya kazi vizuri kabisa kwenye pembe ya kama nyuzi 56 kutoka mstari ulionyooka mbele ya kioo, pembe hiyo inaitwa kwa jina la David Brewster, Mskoti aliyeigundua kanuni yake mwaka 1815. Ukipiga umenyooka mbele ya kioo haikati chochote, na sisi tumekwambia usogee karibu unyooke. Halafu inakula zaidi ya nusu ya mwanga, yaani ile 1/1000 uliyoipigania inarudi chini. Na madirisha mengi ya usalama kioo chake kimekazwa kwa joto, ukivaa polaraiza unaona mabaka ya rangi za upinde wa mvua juu ya picha nzima, na hayo hayafutiki baadaye. Skafu nyeusi, mkuu. Baki na skafu.

kivuli_cha_jioni

Naomba nipingane na mzee wetu kwa heshima zote kuhusu jua. Anachosema ni sahihi kwa mchana, lakini saa ya mwisho kabla ya kuzama mimi nahamia upande wa jua makusudi. Miti inakuwa myeusi mbele ya mbingu ya dhahabu, ule mto unaousema utawaka kama bati, na vumbi la kioo ukiwa umekikaribia hulioni sana. Pia ukiwa upande wa kivuli saa hiyo jua la chini linaingia kwa dirisha la upande wa pili na kukupiga wewe, kwahiyo taswira yako inakuwa kubwa kuliko ya mchana. Pima mwanga kwenye mbingu, gusa mbingu kwenye skrini ushushe kidogo, miti iache iwe myeusi.

mzee_wa_njia

Hapo umesema kweli, kwa saa ile nakubali.

polepole_tu

Nimesoma yote na yote ni sawa, ila naona tumemfundisha mwenzetu kukwepa vitu vya karibu na mimi nadhani vya karibu ndo roho ya safari. Mama yake hakukaa dirishani aangalie vilima peke yake. Alikuwa anaangalia watu.

Kuna njia ya kuwapata. Badala ya kuganda na simu, mfuate mtu. Treni inakwenda mbele, yeye anarudi nyuma, wewe mgeuzie simu taratibu umbakize katikati ya skrini na ubonyeze ukiwa unaendelea kugeuka, usisimame baada ya kubonyeza. Shata iteremshe mpaka 1/60 au hata 1/30. Ukimpata, yeye anatoka ametulia, nyasi zilizo karibu yako zinavutika kwenda nyuma na vilima vilivyo nyuma yake vinavutika kwenda mbele, kama dunia yote inamzunguka yeye. Sio kosa la kamera, ndivyo ilivyo kweli ukimkazia mtu macho kutoka treni inayotembea, jaribu bila simu utaona.

Mtu aliyefanya hivi mpaka mimi nikaacha kuogopa picha zinazotikisika ni Paul Fusco, Mmarekani. Tarehe 8 Juni 1968 alikuwa ndani ya treni iliyobeba mwili wa Robert Kennedy, mwanasiasa wa Marekani aliyekuwa ameuawa, kutoka New York kwenda Washington. Treni ilikwenda taratibu saa nyingi kwa sababu watu walijaa kando ya reli njia nzima, na yeye alisimama dirishani akawapiga wao, saa baada ya saa. Familia imejipanga kwa urefu wa vimo, watoto pembeni ya reli, wengine wamevaa nguo za kanisani na wengine peku. Alikuwa na filamu ya Kodachrome ambayo inataka mwanga mwingi, na jioni mwanga ulikwisha akaendelea tu kuwafuata kwa kamera na shata za taratibu. Picha za mwisho uso wa mtu ndo umebaki, mwili na nyasi vimeshakuwa mistari. Mimi kila nikizitazama naona kama yeye ndo anaondoka na wale watu ndo wamebaki. Na kabla yake Walker Evans alishapiga picha za rangi kutoka dirisha la treni, jarida la Fortune likazichapa mwaka 1950, hizo zenyewe ni za viwanda na maghala, nazo zinafaa kutafutwa.

Utakosa nyingi. Mimi kwenye 50 napata 2. Ila hizo 2 huwa ndo ninazochapisha kwenye karatasi.

Na ukimpiga mtu karibu namna hiyo, kama yuko uani kwake anaogesha mtoto au anagombana na mtu, usipige. Kwa dirisha la treni tunaingia kwenye nyua za watu bila hodi.

dirishani77

Wakuu nimerudi, nilisema nitaleta mrejesho.

Kwenda nilikaa upande wa kivuli, shati jeusi, skafu ya mke wangu kichwani. Kioo nilifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, kitambaa kikatoka rangi ya chai, sikuamini. Nilipata sehemu safi chini kushoto mwa dirisha nikaing'ang'ania. Fokasi niliifunga tukiwa bado stesheni kwa kugusa mnara wa maji. Vilima vimetoka vyote, mikunjo, barabara ya vumbi inayopanda, mpaka ng'ombe niliokuwa hata siwaoni kwa macho. Uso wangu umeonekana kwenye picha tatu tu, zote treni ilipopita kati ya kuta za mawe ambapo nje kulikuwa giza. Daraja nilipiga 30 mfululizo, nne ziko wazi kabisa, moja kuna mtumbwi chini.

Kurudi nikahamia upande wa jua jioni, mto umewaka kama ulivyosema kivuli_cha_jioni.

Halafu nikajaribu ya polepole. Nilipiga 60 na kitu, zote mistari, nikakaribia kuacha. Kwenye kivuko cha barabara treni ilipunguza mwendo, kulikuwa na mzee anasubiri na baiskeli, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli, nyuma amefunga gunia. Nikamfuata. Ametoka. Kofia ameishika kwa mkono, naona mpaka kamba aliyofungia gunia, na kila kitu kinachomzunguka kimekwenda.

Nilimtumia mama picha 38. Za vilima akasema nzuri, akataja majina ya stesheni mbili bila mimi kumwambia. Hii ya baiskeli alikaa nayo muda, akaniuliza yule mzee alitupungia? Nikamwambia sikuona, nilikuwa nabonyeza. Akaniambia safari ijayo nikifika pale kwenye kivuko niweke simu chini kidogo niangalie kama anapunga, nimpungie.